Kliniki ya mama kila mtu anaisifu. Nitajuaje kama inatibu vizuri au inapendeza tu?

KitindaMimba:

Wakuu, salaam. Kuna jambo linanikosesha usingizi tangu wiki juzi, nimeona nilimwage hapa wenye uzoefu wanisaidie.

Mama yangu ana miaka 68. Presha na sukari anazo kwa zaidi ya miaka kumi. Tangu ahamie kwangu, miaka miwili sasa, anatibiwa kwenye kliniki ndogo ya jirani yenye madaktari watatu. Ni mwendo wa dakika saba kwa hatua zake, na hizo dakika saba ndizo zilizochagua kliniki, si mimi. Ukiwauliza majirani watakwambia ni nzuri. Nzuri kwa nini? Pasafi, viti vina mito, mabinti wa mapokezi wana adabu, na yule daktari mcheshi anamjua kila mtu kwa jina. Yote ni kweli. Mama anamwita "mwanangu". Akitoka kwake anatembea kama amepunguziwa miaka mitano.

Sasa mwezi uliopita "mwanangu" alikuwa likizo, tukapelekwa kwa daktari wa pili, mama mmoja wa makamo asiye na salamu ndefu. Hakutuangalia hata usoni. Alifungua faili akaanza kulirudisha nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mama akanikanyaga mguu kwa chini kuniashiria kwamba hapa tumepotea njia. Kisha akauliza, "Mama, mara ya mwisho nani alikuvua soksi?"

Mama alidhani anatukanwa.

Alivuliwa viatu na soksi, akalazwa, akaambiwa afumbe macho. Daktari akatoa kijiti chenye kipande cha uzi mgumu wa nailoni, kama ule wa mshipi wa kuvulia samaki, akawa anagusa nyayo hapa na pale. "Ukihisi, sema ndiyo." Mguu wa kulia mama alisema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mguu wa kushoto, chini ya kidole gumba, uzi ukagusa mpaka ukapinda. Kimya. Akagusa tena. Kimya. Mara ya tatu ndipo daktari aliponiangalia kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Mama, macho bado kafumba, akauliza, "Mbona hujaanza huo mguu mwingine?"

Halafu akanionyesha karatasi iliyokuwa katikati ya faili. Majibu ya kipimo cha figo, ya miezi mitano nyuma. Kreatinini, takataka ya damu ambayo figo hutakiwa kuichuja, imepanda. Hakuna saini ya mtu, hakuna aliyetupigia simu. Na katika hiyo miezi mitano tulishakwenda pale mara mbili! Mara zote mbili "mwanangu" aliuliza habari za wajukuu, akapima presha, akaandika dawa zilezile, tukaagana kwa kicheko.

Kinachoniuma si karatasi peke yake. Mimi nilikuwepo kwenye kile chumba mara zote. Ungeniuliza siku hiyo ningekuapia kwamba mama anatibiwa vizuri sana. Sikuona kitu kwa sababu sikujua nitazame nini.

Mama anataka kurudi kwa "mwanangu" wake. Anasema yule mwingine "alinivua viatu kama mtoto mdogo". Dada yangu mkubwa kwa simu anasema tuhame kliniki kabisa. Mimi niko katikati. Naomba kujua: mtu asiye daktari anapimaje kliniki? Atazame nini, aulize nini?

NesiMstaafu:

Mwanangu KitindaMimba, pole, na mfikishie mama salamu. Nimevaa sare nyeupe miaka 31, kwa hiyo nivumilie nikiandika kama natoa zamu.

Nikitaka kuijua kliniki siangalii sakafu. Sakafu inapigwa deki na mtu mmoja asubuhi, basi. Naangalia wanavyopima presha, kwa sababu ndicho kipimo cha kila siku, na mtu akizoea kulipua kidogo ataanzia hapo.

Mama akifika, anaachwa akae kwanza? Dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo mbili chini, miguu haijapandana. Mkono uwe mezani, usawa wa moyo, usining'inie. Mkanda unafungwa kwenye ngozi, si juu ya sweta. Mkanda wenyewe umtoshe, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba kubwa kuliko presha aliyonayo. Kibofu kimejaa, aende kwanza msalani. Na wakati mashine inapima, KIMYA. Wewe, mama, na mpimaji. Baada ya dakika moja au mbili apime tena.

Sasa kumbuka "mwanangu" alivyokuwa anapima huku anauliza habari za wajukuu. Mama anajibu, anacheka, namba inapanda. Kwa namba hiyo ya uongo mtu anaongezewa dawa ya kweli, kisha siku moja anainuka kitandani, kizunguzungu, yuko chini na nyonga imevunjika.

La pili ni mikono. Ananawa au anapaka dawa ya mikono kabla ya kumgusa mgonjwa? Kabla, nasema. Baada ya mgonjwa kila mtu hunawa, maana hapo anajilinda mwenyewe. Na usidanganywe na glavu. Nimewaona waliovaa glavu wakashika kitasa, wakajibu simu, wakarekebisha miwani, halafu wakarudi kwenye kidonda. Mwaka 1847 kule Vienna daktari Semmelweis aliwalazimisha wenzake kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa kina mama wa wodi ya wazazi, vifo vya wodi ile vikashuka sana. Wenzake wengi wakamwona msumbufu. Mpaka leo bado tunabembelezana.

La mwisho, na hili ni la kichokozi: kama wanachoma chanjo, tupia jicho friji lao. Chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na joto linaandikwa asubuhi na jioni kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Ukikuta mwezi mzima ni 5, 5, 5, 5, kalamu moja, mwandiko mmoja usiotetereka, ujue imejazwa siku moja na mtu aliyekuwa anawahi nyumbani. Ukikuta na chupa ya soda ya mtu humo ndani, hiyo sitasema kitu.

Mbishi_Halali:

Samahani Bi Nesi, heshima yako iko palepale, ila mnamtwisha mwenzetu mzigo. Aende na saa ya kuhesabu dakika tano? Achungulie friji? Mimi kliniki naipima kwa vitu viwili. Kwanza muda. Nikiambiwa saa tatu nikaonwa saa sita, hapo hakuna ubora, hata daktari awe bingwa wa mabingwa. Pili, napona au siponi? Mwaka huu nimekwenda mara nne, kikohozi, mafua, koo, kikohozi tena. Mara zote nimepewa antibayotiki, mara zote nimepona. Kliniki nzuri. Mengine ni ya wakaguzi, wanalipwa kwa kazi hiyo.

Zamu_ya_Usiku:

Mimi ni daktari, siku hizi nafanya kazi hospitali kubwa lakini nilianzia kliniki ya aina hiyohiyo.

Mbishi, kwenye muda nakuunga mkono. Mgonjwa anayechoka kusubiri huacha kuja, na asiyekuja hatibiwi. Kwenye "nimepona" hapo tutagombana kidogo. Mafua na vikohozi vingi vinaletwa na virusi, na antibayotiki haziui virusi. Kikohozi cha namna hiyo huchukua hata wiki mbili tatu kikaisha chenyewe. Wewe unavumilia siku sita, ya saba unakwenda kliniki, unapewa vidonge, ya kumi na mbili uko mzima. Sifa anachukua daktari. Angekupa maji ya bomba ungepona tarehe hiyohiyo. Ningekuwa mimi, kliniki iliyonipa antibayotiki mara nne kwa mafua bila kunipima chochote ningeiwekea alama ya kuuliza, na kubwa.

Ndiyo maana kupona peke yake ni mizani mbovu. Avedis Donabedian, daktari aliyezaliwa Beirut, mwaka 1966 aliandika kwamba ubora wa tiba unatazamwa pande tatu: mazingira na vifaa, kinachofanyika kwa mgonjwa, na matokeo yake. Majirani zako, KitindaMimba, wanatazama upande wa kwanza. Mbishi anatazama wa tatu. Ule wa katikati ndio mgumu kuuona, na ndio uliokuwa umelala kwenye soksi za mama.

Kwa hiyo nikupe vya kutazama kwa mgonjwa wa sukari. Miguu ikaguliwe walau mara moja kwa mwaka, na kwa mguu ulioanza kupoteza hisia kama wa mama, mara nyingi zaidi. Macho yachunguzwe kwa ndani, kwa kawaida kila mwaka. Figo kwa damu na mkojo, kila mwaka. HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Chukua daftari, andika tarehe ya mwisho ya kila kimoja. Ukishindwa kujaza, umeshapata jibu la swali lako, na hujahitaji kusoma udaktari.

Nina wasiwasi na hiyo kreatinini. Kama mama anatumia metformini, ile dawa ya sukari, hiyo hutolewa mwilini na figo. Figo zikishuka dozi hupunguzwa, zikishuka sana huachishwa kabisa. Sikwambii umwachishe, nakwambia kipimo kirudiwe na dawa zote zipitiwe upya, wiki hii, siyo mwezi ujao.

Sasa nimtetee kidogo huyo mcheshi. Mgonjwa anayempenda daktari wake humwambia mambo ambayo angemficha mwingine. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa wakakuta kwa wastani daktari anamkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Huyo wenu anamwacha mama aongee, na hilo ni tendo la tiba. Pia kuna faida ya kuonwa na mtu mmoja muda mrefu: mapitio yaliyochapishwa 2018 yalikusanya tafiti 22, na 18 kati yake zilikuta vifo vichache kwa wagonjwa wanaobaki na daktari yuleyule. Kwa hiyo dada yako asikimbilie kuhama. Tatizo la kumzoea mgonjwa ni kwamba unaacha kumwangalia. Unamwona kila mwezi, unaona sura ileile, unaandika dawa ileile. Nimeshafanya kosa hilo mwenyewe na bado linanirudia usiku.

KaaBenchi:

Mimi si nesi wala daktari, nilikaa mapokezi ya kliniki miaka minne. Naweza kukuchorea hiyo karatasi ilivyopotea bila hata kuwepo.

Majibu yanatoka maabara. Yanawekwa kwenye trei ya daktari aliyeagiza. Daktari yuko likizo, au kahama chumba, au siku hiyo kaonana na watu hamsini. Trei inajaa. Ijumaa jioni binti wa mapokezi anaambiwa asafishe meza, naye anafanya kama alivyofundishwa: karatasi ya fulani kwenye faili la fulani. Faili linarudi kabatini. Hakuna mtu mbaya hapo. Ila hakuna aliyesoma.

Kwetu jambo kama hilo lilitokea, na baada yake mganga mkuu akaweka amri: karatasi haiingii kwenye faili bila saini ya aliyeisoma. Tulinung'unika wiki mbili tukazoea.

Kwa hiyo swali la kuuliza pale dirishani, kwa upole, ni hili: "Daktari akiwa hayupo, majibu yake yanasomwa na nani?" Usiulize "mnasoma majibu?", watasema ndiyo. Uliza nani. Wakitazamana, umeelewa. Na ukisikia "tusipokupigia ujue yako salama", usikubali. Mama yako hakupigiwa.

Vingine nilivyoviona kutoka kwenye kile kiti: kliniki inayojali huuliza jina lote na tarehe ya kuzaliwa kila mara, hata kama wanakujua. Tuliwahi kuwa na wagonjwa wawili wa majina yote matatu sawa, mmoja alikuwa anadhuriwa na dawa ya penisilini, mwili mzima unavimba, mwenzake hana shida nayo. Fikiria faili likibadilika. Pia sikiliza sauti. Kama wanapaza sauti mbele ya watu, "wewe wa kipimo cha mkojo njoo!", hiyo adabu ya mabinti ni ya mdomoni tu.

Na lalamika. Kwa maandishi, nusu ukurasa, tarehe na kilichotokea, bila matusi. Watakavyoupokea huo ukurasa utajua mengi kuliko ambavyo ungejua kwa miaka miwili ya kukaa kwenye viti vyenye mito.

KitindaMimba:

Wakuu, nimerudi. Wiki mbili zimepita, nikaona si uungwana kuuliza nikapotea.

Kwanza, Zamu_ya_Usiku, nilikwenda kesho yake asubuhi. Kipimo cha figo kimerudiwa, metformini imepunguzwa dozi, na mama ameandikiwa rufaa ya macho. Daftari nilinunua, nikakaa na mama kujaza. Macho: haijulikani. Miguu: tarehe moja tu, ile ya kuvuliwa soksi. HbA1c: mwaka mmoja na miezi miwili nyuma. Niliona aibu yangu mwenyewe kabla ya kuona ya kwao.

Dirishani niliuliza kama KaaBenchi alivyonifundisha. Walitazamana. Kweli kabisa, kama vile umewaandikia igizo. Kisha mmoja akasema, "Ngoja nikuitie mkubwa."

Nikaandika barua, nusu ukurasa. Nilitegemea kununiwa. Siku ya tatu nikapigiwa na "mwanangu" mwenyewe, karudi likizo. Hakucheka. Alisema ameitafuta ile karatasi, ni yeye aliyeagiza kipimo, na ilipaswa kumfikia. Akaomba aongee na mama. Sijui walisema nini, mama alikwenda na simu chumbani akafunga mlango. Tulipokwenda tena niliona trei mpya mapokezi, nyekundu, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito HAIJASOMWA. Ilikuwa na karatasi mbili ndani. Sijui mwezi ujao itakuwa na ngapi, nitakuwa naichungulia.

Presha sasa wanampima amekaa kimya, dakika tano. Nilihesabu, Mbishi, na saa. Ilitoka 134 kwa 78. Mara ya mwisho kwa "mwanangu", na vicheko vyake, ilikuwa 152 kwa 86. Daktari kasema haongezi dawa ya presha mpaka aone vipimo vya nyumbani vya wiki moja.

Kwa hiyo hatuhami. Mama amekubali habari za sukari aonwe na yule daktari asiye na salamu, kwa sharti moja: viatu anavua mwenyewe. Siku ya miadi alijiandaa kabisa, akaenda na ndala ili asipoteze muda.

NesiMstaafu:

Kazi nzuri mwanangu. ILA NDALA HAPANA! Mguu usiohisi hauvai ndala, utakanyaga msumari na mama hatajua mpaka aone damu sakafuni. Avae kiatu kilichofunika vidole, kisichobana, na soksi isiyo na mshono mkubwa. Kila asubuhi kabla ya kuvaa, ingiza mkono ndani ya kiatu upapase. Mkono wako wewe, siyo wake.